UZI: Chaneli ni moja, nodi ni nyingi, mwenyekiti hayupo. Nani aseme lini kwenye MANET?

#1 Mawimbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mjadala wa mitandao ya ad hoc inayotembea, hizi MANET, ukiibuka humu huwa unaishia kwenye njia za pakiti: AODV au OLSR, itifaki mbili za kuchagua njia, ipi bora. Njia ni muhimu, sipingi. Ila kwa muda wote niliohangaika na redio hizi, kilichoniangusha mara nyingi kilikuwa chini ya njia: nani aishike chaneli, aishike kwa muda gani, na nani anyamaze wakati huo. Hakuna mnara, hakuna rauta kuu. Kila nodi, yaani kila kifaa mtandaoni, ina redio moja, zote ziko kwenye masafa yaleyale, na zote zinatembea.

Nianze na kisa.

Nilikuwa na redio tatu za Wi-Fi katika hali ya ad hoc. B katikati, A upande huu wa jengo la zege, C upande wa pili. A na B zinasikiana, B na C zinasikiana, ila A na C zimezibwa na jengo. A ikituma faili kwenda B peke yake, mambo safi. C ikituma peke yake, safi vilevile. Nikaziruhusu zitume pamoja, nikitarajia kila moja ipate karibu nusu ya kasi. Badala yake zote mbili zikadorora. Faili linakwama, linaamka, linakwama tena, na kaunta ya marudio kwenye A inapanda bila kupumzika. Nikabadilisha antena. Nikabadilisha kebo. Nikashuku dereva ya kadi, nikaisakinisha upya. Jioni nikaisogeza C hatua chache hadi ukingoni mwa jengo, ikaanza kuisikia A moja kwa moja. Tatizo likaisha palepale, na mpangilio sikuwa nimeugusa.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mgongano hutokea sikioni mwa anayesikiliza, wala hautokei kinywani mwa anayesema. A ilisikiliza kabla ya kutuma, ikakuta kimya, ikatuma. C nayo ikafanya hivyohivyo. Zote mbili zilifuata kanuni. Iliyoumia ni B, na B haikuulizwa.

Nipeni nafasi nishushe kidogo kidogo. Mwenye swali aulize njiani, asisubiri mwisho.

#2 Fundi Antena

Nipo hapa mkuu, shusha. Hilo la jengo la zege limenikuta, nikaishia kulaumu kadi.

#3 Mtafiti Mchanga

Asante kwa uzi mkuu. Swali la haraka: kwenye Ethaneti ya zamani ya waya, kadi ilikuwa inatuma huku inasikiliza, ikigundua mgongano inaacha mara moja. Kwa nini redio isifanye vilevile?

#4 Mawimbi

Swali zuri sana. Sababu ya kwanza ni nguvu. Kadi ya kawaida inaweza kutoa dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara). Ishara ya mwenzako ikifika kwenye antena hiyohiyo inaweza kuwa imebaki dBm -80. Tofauti hapo ni desibeli 100, yaani mara bilioni kumi. Ukiwa unatuma, sauti yako mwenyewe inafunika kila kitu kwenye masafa hayo.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Tuseme una redio nzuri ajabu inayoweza kujifuta yenyewe na kusikia wengine. Utasikia nini? Utasikia hali ya hewani hapo ulipo wewe. Mgongano uko kwa B, nyuma ya jengo. Kwenye waya hapakuwa na tofauti hiyo, kwa sababu kila kadi ilikuwa inasikia waya uleule.

Ndiyo maana Wi-Fi inategemea kukwepa mgongano, CSMA/CA, halafu mpokeaji anathibitisha kwa ACK. Usipoipata ACK unajua fremu, yaani pakiti yako hewani, imekufa, ila hujui imekufaje. Huenda imegongana. Huenda ishara imefifia. Huenda B imeshaondoka zake. Kiwango cha 802.11, ndicho kinachoongoza Wi-Fi, tangu kitoke mwaka 1997 kinavichukulia vifo vyote hivyo kama msongamano: kinapanua dirisha la kusubiri karibu maradufu. Kwenye mtandao unaotembea hilo linauma, maana mara nyingi chaneli iko tupu na jirani ndiye aliyehama.

Na si jambo jipya. Mtandao wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, kazi ya Norman Abramson na wenzake, ulianza kufanya kazi mwaka 1971 kwa kanuni moja nyepesi: ukiwa na pakiti, tuma, isipothibitishwa, subiri muda wa kubahatisha, tuma tena. Hesabu zinaonyesha kilele chake ni 18.4% ya uwezo wa chaneli. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akaonyesha kwamba ukikata muda katika sloti, vipande vilivyo sawa, na kila mtu akaanza mwanzoni mwa sloti, kilele kinafika 36.8%. Mwaka 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi wakachambua kusikiliza kwanza ndipo utume, ufanisi ukaruka juu sana. Lakini mwaka huohuo walitoa sehemu ya pili ya uchambuzi wao, na humo wakaonyesha kwamba zikiwepo nodi zilizofichika, yaani zisizosikiana kama A na C zangu, faida hiyo inayeyuka. Jengo langu la zege lilikuwa limeshaandikwa miongo mingi kabla sijakutana nalo.

#5 Fundi Antena

Sawa mkuu, ila hapo kwenye kusubiri kwa kubahatisha. A na C si zinachagua namba tofauti? Zikigongana mara ya kwanza, mara ya pili moja itatangulia na nyingine itafuata. Kwa nini kaunta yako iliendelea kupanda?

#6 Mawimbi

Hapa ndipo nilipokaa na karatasi na kalamu, na nakushauri ufanye hivyo kwa mkono wako mwenyewe. Twende na 802.11b, toleo la zamani la Wi-Fi, kwa sababu namba zake zinafuatika.

Sloti moja ni mikrosekunde 20. Jaribio la kwanza, nodi inachagua namba kati ya 0 na 31. Kwa hiyo kusubiri kwa juu kabisa ni mikrosekunde 620. Sasa chukua fremu yenye baiti 1,500 za data, kasi ya megabiti 11 kwa sekunde. Ukiweka vichwa vyake na ule utangulizi mrefu wa mikrosekunde 192, inakaa hewani takribani mikrosekunde 1,310.

Umeona? Fremu moja ni ndefu kuliko dirisha zima la kusubiri. A na C zikianza kuhesabu karibu wakati mmoja, hata A ikibahatika kupata 0 na C ikapata 31, C itaanza kusema A ikiwa katikati ya fremu yake. B haiambulii kitu. Dirisha linapanuka hadi 63, sawa na mikrosekunde 1,260. Bado ni fupi kuliko fremu. Ni jaribio la tatu tu, dirisha likifika 127 na kusubiri kukaweza kufika mikrosekunde 2,540, ndipo upenyo unapatikana, na hata hapo ni kwa bahati.

Nodi zinazosikiana zinahitaji kupishana kwa sloti moja tu, mikrosekunde 20, kwa sababu ya pili itamsikia wa kwanza na kunyamaza. Zisizosikiana zinahitaji kupishana kwa fremu nzima. Dirisha la kusubiri lilipangwa kwa ajili ya kundi la kwanza.

#7 MwanaTCP

Mkuu unazunguka mbali. Dawa ya nodi iliyofichika inajulikana: RTS na CTS. Kwenye Linux ni mstari mmoja, `iw phy phy0 set rts 500`, umemaliza. Tufunge uzi.

#8 Mawimbi

Usifunge kwanza mtaalamu. RTS na CTS ni wazo ninaloliheshimu sana, na ndiyo maana sipendi kuona linageuzwa kuwa swichi ya kuwasha na kusahau.

Phil Karn, mtu wa redio za ridhaa, alilipendekeza mwaka 1990 akaliita MACA. Kabla ya data, mtumaji anatoa ombi fupi, RTS. Mpokeaji anajibu CTS. Yeyote anayeisikia CTS ananyamaza kwa muda uliotajwa ndani yake. Utamu uko hapo kwenye CTS, kwa sababu inatoka kwa B. Hatimaye B imeulizwa. Mwaka 1994 Bharghavan, Demers, Shenker na Zhang wakaliboresha katika MACAW, wakaongeza ACK na mambo mengine, kisha 802.11 ikalichukua wazo: kila fremu inatangaza muda, na anayeisikia anauweka kwenye NAV, saa yake ya kunyamaza.

Tuje kwenye gharama. RTS ina baiti 20, CTS ina 14. Ni fupi, lakini hutumwa kwa kasi ya chini ili majirani wote wazielewe. Kwa megabiti 1 na utangulizi mrefu, RTS inachukua mikrosekunde 352 na CTS 304. Ongeza mapengo mawili ya mikrosekunde 10, jumla 676. Kwa fremu ya baiti 1,500, mzunguko mzima bila RTS ni kama mikrosekunde 1,980, yaani unapata megabiti 6 hivi kwa sekunde kwenye redio iliyoandikwa 11. Ukiwasha RTS, mzunguko ni 2,660 na unabaki na megabiti 4.5. Hiyo naweza kuilipa kama nodi zilizofichika zipo kweli, kwa sababu kinachogongana sasa ni RTS ya mikrosekunde 352, ambayo dirisha la 620 linaweza kuipisha.

Lakini chukua pakiti ya sauti ya baiti 100. Yenyewe hewani ni kama mikrosekunde 290. Unapiga hodi kwa muda unaozidi mara mbili ya ulichokuja kusema. Ndiyo maana kuna kizingiti cha ukubwa, fremu iliyo chini yake inapita bila RTS, na ndiyo maana kile cha 2347 kinachokuja na vifaa vingi maana yake ni kwamba RTS imezimwa.

Halafu kuna shida ambayo kizingiti hakiigusi. Ishara dhaifu ambayo huwezi kuielewa bado inaweza kukuharibia unayoisikiliza. Xu, Gerla na Bae waliipigia hesabu mwaka 2002: ikiwa nguvu inapungua kwa kipeo cha nne cha umbali, na mpokeaji anahitaji ishara iwe juu ya mwingiliano kwa desibeli 10, basi anayeweza kukuharibia anaweza kuwa mbali hadi mara 1.78 ya umbali uliopo kati yako na mtumaji wako. Igeuze hesabu hiyo: mtumaji akiwa mbali zaidi ya 0.56 ya umbali wa kusikika, kuna eneo ambalo waliomo hawaisikii CTS yako lakini wana uwezo wa kuiua pakiti yako. Redio inayosikika mita 250, hapo ni mita 140. Zaidi ya hapo, CTS inalinda nusunusu.

Kwa hiyo kabla hujawasha RTS, pima hatua zako, yaani umbali wa kutoka nodi hadi nodi, zina urefu gani.

#9 MwanaTCP

Nimekubali kwa shingo upande, hiyo ya 0.56 sikuwa nayo. Na vipi kinyume chake, nodi inayonyamaza bure? B inatuma kwa A, C inaisikia B inakaa kimya, wakati ilitaka kutuma kwa D ambaye hayumo kabisa.

#10 Mawimbi

Ipo, inaitwa nodi iliyo wazi, na inapoteza nafasi nyingi. Ila sijaona dawa yake rahisi, kwa sababu ya ACK: C ikituma kwa D wakati B inatuma kwa A, B ikimaliza mapema lazima ipokee ACK ya A huku C bado inapiga kelele pembeni. Katika redio za kawaida naiacha ilivyo. Nguvu zangu nazipeleka kwenye zilizofichika.

#11 Mtafiti Mchanga

Mkuu, mimi nina mnyororo wa nodi nane kwenye simuleta. Hatua moja kasi iko vizuri. Mbili, nusu. Baadaye inashuka hadi naona aibu kuipeleka kwa msimamizi wangu. Nodi hazitembei, mtumaji ni mmoja tu. Nimekosea wapi?

#12 Mawimbi

Hujakosea, usione aibu. Fuata pakiti kwa kidole. Nodi ya 1 inatuma kwa 2. Nodi ya 2 haiwezi kutuma wakati inapokea. Nodi ya 3 ikituma, itaharibu sikioni mwa 2. Nodi ya 4 haieleweki na 2, lakini kama umeacha mipangilio ya kawaida ya simuleta kama ns-2, umbali wa kuelewana ni mita 250 na wa kusikia kelele ni 550. Ukiwa umezipanga kila mita 200, nodi ya 4 iko mita 400 kutoka 2, kwa hiyo nayo inaharibu. Ni nodi ya 5 ndiyo iko huru kusema sambamba na 1. Maana yake hata ungekuwa na mpangaji mwenye hekima ya ajabu, unapata robo ya kasi ya hatua moja.

Mwaka 2001 Li na wenzake walipima jambo hili hili. Kinadharia robo. Kwa 802.11 yenyewe walipata karibu moja ya saba. Pengo kati ya 1/4 na 1/7 ndiyo gharama ya kukosa uratibu. Nodi ya 1 ina majirani wachache upande wake, kwa hiyo inapata chaneli kirahisi na kumimina pakiti kuliko nodi za katikati zinavyoweza kusukuma. Pakiti zinasafiri hatua mbili tatu kisha zinatupwa, na muda wa hewani zilioutumia haurudi.

Halafu angalia kusubiri maradufu kunavyomtendea aliyeshindwa. Aliyefanikiwa anarudi kwenye dirisha la 31. Aliyeshindwa anapanda 63, 127, hadi 1023. Mkishindana tena, mwenye 31 anashinda tena. Baada ya muda mmoja anameza chaneli na mwingine anakufa njaa, na hakuna aliyevunja kanuni. MACAW walijaribu kulitibu: dirisha lipande kwa mara 1.5 na lishuke moja moja, na thamani yake iandikwe kwenye pakiti ili majirani wanakili. Yaani wote wakubaliane kuhusu msongamano badala ya kila mmoja kuhangaika na wake. Nalipenda wazo hilo mpaka leo.

Fanya hivi: punguza kasi ya nodi ya 1 kwa mkono, kidogo kidogo, uangalie kinachofika mwisho. Utaona kuna mahali ukipunguza unachotuma, kinachofika kinaongezeka.

#13 Nahodha wa Redio

Nimesoma kuanzia juu. Kwa heshima zote mleta uzi, mnateseka kwa sababu mmeng'ang'ania kugombania. Gaweni sloti, kila mtu na yake, migongano iishe. Mimi nafanya kazi na redio za meli. AIS, mfumo wa meli kutangaziana mahali zilipo, ni mtandao wa ad hoc unaotembea kweli, hauna kituo kikuu, na unafanya kazi kila siku baharini.

Kwa wasioujua: chaneli mbili, megahezi 161.975 na 162.025. Kila dakika kwenye kila chaneli imekatwa sloti 2,250, kila moja milisekunde 26.67, biti 256 kwa kasi ya 9,600. Saa zote zinafuata setilaiti. Meli ya daraja A iliyo safarini inatangaza mahali ilipo kila sekunde 2 hadi 10, ikitia nanga kila dakika 3. Na ndani ya tangazo lenyewe inasema: sloti hii nitaendelea kuitumia kwa dakika kadhaa, 3 hadi 7. Wengine wanaandika, wanakaa mbali na sloti hiyo. Chaneli ikijaa, meli inachukua sloti ya meli iliyo mbali zaidi, kwa hiyo duara la kusikika linajibana lenyewe na walio karibu hawapotei. Hakuna RTS, hakuna CTS.

#14 Mawimbi

Nahodha, karibu sana, nilikuwa naomba mtu wa aina yako aje. Huo ni mmoja wa mifumo mizuri kuliko yote niliyowahi kuisoma, na lile la kuchukua sloti ya aliye mbali ni busara kubwa. Lakini naomba tuulize kwa nini unafanya kazi pale, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu yote.

Kila njia ya kugawana chaneli inatumia habari kuhusu majirani. Habari hiyo ina umri. Ninachouliza kila mara ni hiki: kuanzia habari inapokusanywa hadi inapotumika, nodi imetembea umbali gani, ukilinganisha na umbali wa kusikika?

Meli inayokwenda mita 10 kwa sekunde, katika dakika 7 inasogea kilomita 4.2. Redio yake inasikika makumi ya kilomita. Jirani wa dakika 7 zilizopita bado ni jirani. Sloti aliyoiweka bado ina maana.

Sasa chukua gari linalokwenda mita 30 kwa sekunde lenye Wi-Fi inayosikika mita 250. Tumia meza ya majirani ya OLSR kugawana sloti. HELLO, tangazo fupi la kusema nipo, inatoka kila sekunde 2, na jirani anahesabiwa yupo hadi sekunde 6 zipite kimya. Katika sekunde 6 gari limekwenda mita 180. Ratiba yako inawagawia sloti watu walioshaondoka, na walioingia haiwajui. Tena ili sloti zisigongane inabidi umjue jirani na jirani wa jirani, kwa hiyo habari inachelewa hatua mbili.

Linganisha na RTS. Mazungumzo yote hadi ACK ni mikrosekunde 2,660. Gari lilelile katika muda huo limesogea sentimita 8. Watu husema mwendo unaiua RTS, nami sikubaliani. Habari ya CTS ni mbichi kuliko zote. Kinachoiumiza ni gharama na lile eneo lisilosikia.

Kwa hiyo kwangu ratiba na kugombania si dini mbili. Pima mwendo wako dhidi ya umbali wako wa kusikika, utajua habari ya umri gani inakufaa. Itifaki ya NAMA ya mwaka 2001 ilijaribu njia nzuri ya katikati: kila nodi inakokotoa kura kwa kutumia kitambulisho cha kila jirani wa hatua mbili pamoja na namba ya sloti, mwenye kura ya juu anasema. Hakuna mazungumzo ya kugawana, hesabu inampa kila mtu jibu lilelile. Lakini bado orodha ya majirani lazima iwe sahihi, umri wa habari unarudi mlango wa nyuma.

#15 Nahodha wa Redio

Hoja ya umri naikubali, sikuwahi kuipima kwa uwiano huo. Naongeza moja: saa. Sisi tunaipata kutoka setilaiti. Ndani ya jengo au chini ya ardhi haipo, na sloti bila saa ya pamoja ni mgongano uliopangwa. Na hata sisi, vifaa vya daraja B vya aina nyepesi vinasikiliza sloti kwanza ndipo vitume, kwa hiyo kugombania kumo hata kwetu.

#16 Fundi Antena

Mimi nina la kwangu dogo. Tulikuwa na nodi kumi na mbili, zote tukaziwasha kwa swichi moja ya umeme. Jedwali la majirani likawa linapepesuka, mara jirani yupo, mara hayupo, wakati nodi zimesimama mezani. Tukiziwasha moja moja kwa mkono, hakuna shida. Mpaka leo sijui.

#17 Mawimbi

Fundi, nadhani HELLO zako zilikuwa zinapiga kwa pamoja. Tangazo kwa wote halina RTS, halina ACK, halirudiwi. Likigongana limekufa kimyakimya. Swichi moja ikaziamsha pamoja, kila sekunde 2 zinataka kusema pamoja, na zile zinazochagua namba moja ya kusubiri zinauana. RFC 3626, waraka unaoieleza OLSR, wa mwaka 2003, inaagiza kila tangazo litikiswe kwa muda wa kubahatisha, pendekezo likiwa hadi robo ya kipindi cha HELLO, yaani nusu sekunde. Programu yako huenda haikufanya hivyo, au mtu aliweka sifuri. Angalia mpangilio wa mtikisiko kabla ya kitu kingine chochote.

Na kwa kuwa umetaja mambo ya mezani, niseme ninachofanya mimi nikikabidhiwa mtandao wa aina hii. Kwanza naangalia nani anatumia muda mwingi hewani. Muda, si pakiti. Nodi iliyosogea mbali na kushuka hadi megabiti 1 inashikilia chaneli zaidi ya mara tisa ya mwenzake wa megabiti 11 kwa fremu ileile ya baiti 1,500, na wote wanaburuzwa kwa mwendo wake. Kuipitisha kwa jirani wa kati kwa hatua mbili fupi za haraka mara nyingi ni nafuu kwa kila mtu, na hatua fupi zinairudishia CTS nguvu yake. Kisha napunguza matangazo. Kisha napunguza kasi ya chanzo. RTS naiwasha mwisho, na kwa nodi zile tu ambazo nimethibitisha zimefichana, kwa kizingiti kinachoacha sauti ipite bila hodi.

#18 Fundi Antena

Mkuu, nimefungua faili la mpangilio sasa hivi. Mtikisiko umeandikwa 0. Nashukuru mno.

#19 Mtafiti Mchanga

Nimerudi na majibu. Nimepunguza kasi ya nodi ya 1 kama ulivyosema. Mwanzoni kinachofika nodi ya 8 hakikubadilika, kisha kikaanza kupanda huku mimi napunguza, kikafika kilele, ndipo kikashuka. Nimechora mchoro, mstari una nundu kabisa. Kitu kimoja tu kinanitatiza: nikiruhusu nodi ya 8 nayo itume kurudi kwa nodi ya 1 kwa wakati mmoja, nundu inahamia kushoto sana.

#20 Mawimbi

Hongera, peleka mchoro huo kwa msimamizi bila woga. Kuhusu nundu: sasa kila nodi ya katikati inabeba mizigo miwili, na ileile robo inagawanywa pande zote mbili. Kama unatumia TCP ulikuwa na mzigo wa kurudi hata kabla, kwa sababu uthibitisho wake unapita njia hiyohiyo kama pakiti ndogo, na pakiti ndogo ndizo zinazolipa gharama kubwa zaidi ya kuipata chaneli. Jaribu kuchelewesha uthibitisho ili mmoja uwakilishe pakiti kadhaa, uchore tena, uweke hapa tuone nundu imekwenda wapi.